Skafu Iliyorefuka Mno

Kila alasiri alipotoka shule, Mkia alivua sare, akafua soksi zake kwenye beseni, akazianika dirishani, kisha akaingia katika chumba alichokuwa akilala na dada yake. Jina la Mkia alipewa na baba yao. Tangu alipoanza kutembea alikuwa akimfuata Dada kila alikokwenda, hata msalani, ambako alikaa mlangoni akimngoja. Sasa alikuwa msichana wa darasa la sita na mlango wa msalani alikuwa ameuacha, lakini jina halikumwacha.

Chumbani mlikuwa na vitanda viwili na meza moja. Nusu ya meza ilikuwa ya Mkia. Nusu nyingine, ambayo ilizidi kupanuka kila wiki, ilikuwa ya Dada: kompyuta, vikombe vyenye mashapo ya chai, na marundo ya karatasi. Dada alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Alikuwa ametembelea shule kadhaa kuchunguza kwa nini watoto hawanawi mikono hata pale penye maji. Sasa alikuwa anaandika tasnifu, yaani kitabu cha kueleza alichokigundua, na alikuwa amefika sura ya nne, yenye majedwali.

Alipochoka kuandika, Dada alivuta mfuko kutoka chini ya kiti, akatoa sindano mbili ndefu na donge la uzi wa sufu, akaanza kufuma. Alikuwa anamfumia baba yao sweta. Baba alikuwa dereva wa lori na aliondoka alfajiri, wakati wa baridi kali.

"Mimi nilijua nasomesha mtaalamu wa afya," Mama alisema siku moja, akiwa ameegemea mlango. Mama alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha mikate na nyusi zake zilikuwa bado na unga. "Kumbe nasomesha fundi wa masweta."

"Napumzisha akili, Mama."

"Haya. Ikishapumzika, uiambie iandike."

Siku hiyohiyo Mkia aliona jambo lililomkaa kichwani. Jedwali moja la Dada lilikuwa limekataa. Asilimia zake zilizidi mia, na Dada alikuwa amehangaika nalo tangu asubuhi. Hatimaye aliliacha, akachukua sindano, akafuma kimya. Katikati ya mstari mikono yake ilisimama. "Nimegawanya kwa idadi ya shule badala ya idadi ya watoto," alisema, akalitupa sweta kitandani na kurudi kwenye kompyuta. Jedwali lilikubali.

Mkia alihitimisha kwamba majibu huja kwa kufuma.

Ugunduzi huo ulimfika wakati mzuri. Darasani kwao mtihani wa hesabu za sehemu ulikuwa umewaangusha wengi, naye akiwa mmoja wao. Mwalimu wa hesabu alitangaza mtihani wa marudio mwishoni mwa mwezi. Atakayeanguka tena hataingia darasa la saba, atarudia la sita.

"Utabaki na wale wadogo," alisema mwenzake wa dawati, aliyeitwa Wembe kwa sababu ya ulimi wake. "Watakuamkia shikamoo. Watakuita shangazi."

"Nitafaulu."

"Kwa lipi? Wewe bado unajumlisha asili na asili."

Ilikuwa kweli. Mkia alipojumlisha sehemu, alijumlisha namba za juu kwa za juu na za chini, yaani asili, kwa za chini, kisha akafunga kitabu akiwa ameridhika. Alipokosolewa alisikitika, lakini hakuona kosa liko wapi.

Jioni hiyo alimwomba Dada amfundishe kufuma.

"Una mtihani," Dada alisema.

"Nataka kupumzisha akili."

Dada alimtazama kidogo, kisha akampa sindano za zamani na donge la uzi wa rangi ya machungwa. "Utafuma skafu. Ni mstari wa kwenda na wa kurudi, basi. Lakini mazoezi kwanza. Ukiyamaliza, fuma nusu saa. Nikirudi kutoka maktaba nitayaangalia."

Mkia alijifunza haraka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mlio wa sindano zikigongana ulimpendeza. Kila alasiri Dada alipokuwa maktaba ya chuo, Mkia alikaa mezani, akafungua kitabu cha hesabu kwenye kurasa za mwisho zenye majibu, akayanakili kwenye karatasi ya mazoezi, akaongeza hatua mbili tatu za kubuni. Kisha akavuta sindano. Alifuma mpaka aliposikia mlango wa nje. Hakujiona kuwa mwongo. Alijiona anayasubiri majibu. Yalikuwa yamemjia Dada, na kwake pia yangekuja, mradi afume vya kutosha.

"Yote sahihi," Dada alisema kila jioni akiipitia karatasi, naye Mkia aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Siku ya mapumziko, ikiwa imebaki wiki moja kabla ya mtihani, Dada alikuwa anatandika vitanda. Alipoinua mto wa Mkia aliikuta skafu. Akaishika ncha moja, akaanza kuivuta, na skafu ikaendelea kutoka. Aliitundika kwenye mgongo wa kiti. Ilifika sakafuni upande huu, ikafika sakafuni upande ule, na mwisho wake ukalala chini.

"Hii ni ya nani?" aliuliza. "Ya twiga?"

Mkia alicheka. Dada hakucheka. Alikaa kitandani.

"Unafuma muda gani kwa siku?"

"Nusu saa. Baada ya mazoezi."

"Njoo ukae hapa. Fuma nusu saa mbele yangu, kwa mwendo wako uleule."

Mkia alifuma. Dada alikaa akikunja nguo, macho kwenye saa ya ukutani. Muda ulipokwisha aliipima sehemu mpya kwa mkono wake: urefu wake ulikuwa vidole vinne. Akaanza kuikunja skafu yote kwa kipimo hicho, kunjo juu ya kunjo, mpaka ikawa rundo ambalo mkono mmoja haukutosha kulishika.

"Kila kunjo ni nusu saa," alisema. "Nimekufundisha majuzi tu. Kwa nusu saa kila siku, hapa ningekuta makunjo machache. Sasa niambie haya mengine yametoka wapi."

Mkia alitazama rundo. Alifikiria kusema kwamba uzi hunyooka wenyewe. Alimtazama Dada usoni, akaliacha wazo hilo.

"Nimekuwa nikifuma tangu ninaporudi shule."

"Na mazoezi?"

"Nimenakili nyuma ya kitabu."

Dada alichukua kipande cha karatasi na kalamu. "Nusu jumlisha theluthi moja."

Mkia aliandika: mbili ya tano.

"Una nusu mkate," Dada alisema. "Nimekuongezea theluthi ya mkate. Sasa unasema una mbili ya tano. Mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu?"

Mkia alifikiri. "Ndogo."

"Kwa hiyo nimekuongezea mkate, na wako umepungua."

"Mwenye duka la hesabu hizo angefunga kabla ya saa sita," Mama alisema kutoka sebuleni. Alikuwa amesikia kila kitu. Aliingia akikausha mikono, akaliona rundo la skafu na uso wa binti yake mdogo.

Machozi yalikuwa karibu, lakini Mkia alikuwa na swali ambalo lilimkera kuliko machozi. "Mbona wewe ulipokwama ulifuma, na jibu likaja? Niliona kwa macho yangu."

"Uliona mwisho," Dada alisema. "Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa na jedwali lile tangu asubuhi. Nilijua kila namba iliyokuwemo. Kufuma kulinitoa kwenye mawazo yanayozunguka palepale, basi. Wewe hukuwa na kitu kichwani cha kupumzishwa. Sindano hazijui hesabu."

Mkia aliutazama mfuko wa chini ya kiti. Kisha akasema jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakulipanga.

"Na sweta la Baba je? Juzi lilikuwa kiunoni. Leo limefika kwapani. Na kompyuta yako bado inaonyesha ukurasa uleule wa sura ya nne."

"We mtoto," Dada alianza.

"Pima na hilo," Mama alisema.

Dada alivuta mfuko wa chini ya kiti, akatoa sweta, akalitandaza magotini. Alilipima kwa vidole kama alivyoipima skafu. Alipofika kwapani aliacha kuhesabu.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Lile jedwali lilikuwa rahisi. Linalofuata linaonyesha kwamba nililolitarajia silo lililotokea. Watoto wa shule zenye sabuni hawanawi zaidi ya wengine. Msimamizi wangu ataniuliza kwa nini, na sijui. Kila nikilifungua, nafuma." Akalikunja sweta taratibu. "Nilijiambia napumzika."

"Hata mimi," Mkia alisema.

Dada alisimama. Alitia sweta, skafu, sindano na madonge yote katika mfuko mmoja, akampa Mama. "Utufungie mfuko huu kabatini. Mkia hapewi sindano mpaka anieleze kazi ya siku kwa mdomo, bila kuangalia popote. Kunakili hakutamsaidia, maana nitamuuliza kwa nini. Nami sipewi mpaka nimweleze yeye nilichoandika, kwa maneno anayoelewa."

"Na asipoelewa?" Mama aliuliza.

"Basi nami sijaelewa. Narudi kuandika."

Siku za kwanza kabati halikufunguliwa. Dada alichukua vipande viwili vya uzi vilivyosalia mezani, vyenye urefu sawa, akamwambia Mkia akunje kimoja katika sehemu mbili sawa na kingine katika sehemu tatu, kisha aonyeshe nusu na theluthi. Mkia aliweza. "Sasa ziunganishe, uniambie ni ngapi." Hakuweza. Vipande vya nusu vilikuwa virefu, vya theluthi vifupi, na hakuna aliyeweza kuvihesabu pamoja. Alikasirika, akasukuma kiti, akaenda kunywa maji. Akarudi. Alijaribu kuvikunja katika sehemu nne, ikakataa. Sehemu tano, ikakataa. Sehemu sita, ikakubali. Nusu ilikuwa vipande vitatu. Theluthi ilikuwa vipande viwili. Vyote vilikuwa na ukubwa mmoja, na sasa vilihesabika.

"Tano ya sita," alisema. "Kwa hiyo ile asili haijumlishwi. Ni ukubwa wa kipande tu. Unatafuta kwanza kipande kinachozifaa zote mbili."

"Nieleze tena, kana kwamba mimi ni Wembe."

Alieleza tena. Dada alimpa swali jingine, na jingine gumu zaidi. Kisha ikawa zamu ya Dada. Alisoma aya moja aliyoiandika kuhusu sabuni. Mkia alikunja uso.

"Sijaelewa. Lakini sabuni ya shule kwetu hukaa ofisini. Ukitoka msalani mpaka ugonge kwa mwalimu mkuu uombe. Nani atagonga kwa mwalimu mkuu?"

Dada aliuweka ukurasa chini, akauliza, "Kwani na kwingine huwa hivyo?" Akavuta marundo yake ya karatasi, akaanza kutafuta majibu ya watoto waliohojiwa. Hakuomba sindano siku hiyo, wala iliyofuata.

Mkia alizipata za kwake katikati ya wiki, baada ya kueleza ukurasa mzima bila kukosea. Alishangaa. Kufuma kulikuwa na raha nyingine. Zamani alifuma huku sikio likiwa mlangoni. Sasa alifuma huku mabega yameshuka, hana cha kusikiliza, na nusu saa ilipoisha alirudisha sindano bila kuambiwa.

Mtihani ulifanywa. Baada ya siku chache mwalimu wa hesabu alizipitisha karatasi dawatini. Wembe alichungulia ya Mkia kabla mwenyewe hajaigeuza.

"Umefaulu," alisema. "Basi hutakuwa shangazi."

"Nitakuwa jirani yako tena. Pole."

Nyumbani Mama aliisoma karatasi akiwa amesimama. Swali moja tu lilikuwa limekosewa. Dada naye alikuwa amepeleka sura ya nne kwa msimamizi, na ilikuwa imerudi na alama za wino mwekundu, lakini chini msimamizi alikuwa ameandika kwamba maelezo kuhusu sabuni yanaridhisha.

"Kaeni," Mama aliwaambia mabinti zake. "Kiwandani tuna mapumziko ya chai. Mkate ukishatoka kwenye tanuri, nakunywa chai yangu nimekaa, na hakuna anayenigusa. Mkate ukiwa ndani nami nikaenda kunywa, unaungua, na hata hiyo chai siifaidi. Chai haina kosa, na kufuma hakuna kosa. Kila mtu anahitaji kitu cha kumtoa kazini. Lakini lazima kwanza awe ameingia kazini. Na wewe mdogo, ulipomdanganya dada yako kuhusu majibu, aliyekosa kujifunza ni nani?"

"Mimi."

"Na wewe mkubwa?"

"Mimi pia, Mama."

"Vizuri. Nilitaka mseme wenyewe." Mama alilifungua kabati, akautoa mfuko. "Leo mmestahili. Chukueni."

Dada alinyoosha mkono. Mkia alikuwa bado ameshika karatasi ya mtihani, kidole kikiwa kwenye swali alilolikosa.

"Mama, niwekee kidogo," alisema. "Hili sijaelewa kwa nini." Akavuta kiti, akakata kipande cha uzi kutoka kwenye donge lake, akaanza kukikunja.