Bega la Mzee Castory

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fausta aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akampelekea baba yake chai. Asubuhi moja alimkuta baba, mzee Castory, akihangaika kuvaa shati kwa mkono mmoja. Bega lake la kulia lilikuwa limevilia damu, jeusi kama biringanya.

“Baba! Umeanguka?”

“Shii! Ni ile bunduki mpya. Inapiga teke kama punda. Usimwambie mtu, hata mama yako. Jumamosi tuna jaribio la shabaha. Nikishindwa, kazi ya ulinzi pale shamba la mkonge ndiyo basi tena.”

Fausta aliitikia kwa kichwa. Siku zote zilizofuata alimwona baba akikunja uso kila alipoinua kikombe. Mama alipouliza, baba alisingizia jembe. Fausta aliinamia sahani yake. Akisema, atakuwa amemsaliti baba. Akinyamaza, baba anazidi kuumia.

Jumamosi alitumwa kupeleka chakula uwanja wa shabaha, nje ya mji wa Korogwe. Akaketi na jamaa za walinzi, mbali nyuma ya kamba.

Zamu ya baba ikafika. Aliishika bunduki mbali kidogo na bega, akafumba macho kabla ya kufyatua. Paa! Kitako kikamgonga, mtutu ukaruka juu, risasi ikapotelea kwenye tuta la udongo. Ya pili ikawa vilevile, na safari hii kitako kikampasua mdomo.

“Mzee Castory, unaumwa?” aliuliza mkufunzi, Afande Shamsia.

“Hapana, afande.”

Fausta alisimama. Askari akamzuia: “Binti, hapa hapavukwi.” Hakuwa na la kufanya ila kupiga kelele.

“Anaumwa! Bega lake limevilia damu!”

Uwanja mzima ukageuka. Baba alimtazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Afande aliichukua bunduki, akaitoa risasi, akamwamuru aende zahanati na kurudi baada ya wiki tatu.

Siku mbili baba hakusema naye. Fausta alilia chooni, akiamini kwamba ameivunja nyumba yao.

Bega lilipopona, baba alirudi uwanjani na Fausta akapeleka tena chakula. Afande Shamsia alisimama kando ya baba.

“Risasi ikienda mbele, bunduki lazima irudi nyuma,” alisema. “Huwezi kuizuia. Ukiacha nafasi, kitako kinakuja kama nyundo. Kibane begani, mguu mmoja mbele, inama kidogo, ukubali kusukumwa nacho. Na usivute kifyatulio kwa kushtuka; kibonyeze taratibu.”

Baba akapumua. Paa! Bega lilisukumwa, lakini mwili ulibaki imara. Kati ya risasi tano, nne zilipiga shabaha. Akafaulu.

Njiani kurudi, baba alimshika Fausta mkono.

“Nilikukasirikia, mwanangu, kumbe nilipaswa kujikasirikia mwenyewe. Afande angenifundisha tangu siku ya kwanza kama ningesema kweli. Niliona aibu, nikakutwisha wewe mzigo wangu. Mtu mzima akikuambia ufiche maumivu yake, usiyafiche. Sema, hata kama atanuna.”

“Na akinuna siku mbili?”

“Mwache anune,” alisema baba. “Atakuwa mzima.”