Nitaacha Mimi

"Sheria gani hiyo?" msimamizi aliuliza, akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Kwamba mke na mume hawaruhusiwi kufanya kazi pamoja hapa," alisema Mkasi. Jina hilo alipewa hapo hapo kiwandani, enzi alipokuwa akikata vitambaa vya sare bila kurudia mstari. Leo alikuja kuomba vitambaa vya kwenda kukatia nyumbani kwa malipo. "Mume wangu aliambiwa ofisini. Mmoja wetu ilibidi atoke."

"Mdogo wangu, mume wangu yule pale, chumba cha pasi. Tunanuniana nyumbani, tunakuja kumalizia huku."

Katikati ya mvuke, mzee mwenye kipara aliwapungia mkono.

"Ulipoacha tulishangaa," msimamizi akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Kiti hiki cha usimamizi kilikuwa kiwe chako. Bosi alimwambia mumeo akudokeze. Akarudi akasema umechoka, unataka kutulia nyumbani."

Mkasi akaikumbuka jioni ile. Mumewe ukingoni mwa kitanda, macho mekundu: "Nitaacha mimi, mpenzi. Siwezi kukuona unapoteza kazi unayoipenda." Naye akamziba mdomo kwa kiganja. "Wewe baki. Nitaacha mimi." Alimpenda jioni ile kuliko siku ya harusi yao.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa mumewe, aliyekuwa nyumbani siku yake ya mapumziko:

"Uko wapi mpenzi? Njaa inaniuma."

"Njoo kesho, dada yangu," msimamizi alisema. "Meza yako ipo. Anayekata sasa, mikono ya mashati hailingani."

Mkasi alimkuta mumewe sebuleni, miguu juu ya stuli.

"Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa kiwandani. Nimemwona mume wa msimamizi. Anapiga pasi vizuri."

Akashusha miguu.

"Nani kakuambia nini?"

"Niambie wewe."

Akaisogeza stuli kando.

"Wangeniita mume wa bosi," alisema. "Huijui midomo ya wale watu. Ningeingiaje pale kila asubuhi, mke wangu ananipangia kazi?"

"Kwa miguu, kama wengine."

"Nilikupenda. Sikutaka unipite."

"Kila uliponiuliza kama najuta, nilisema hapana. Nilikuonea huruma. Niliogopa utajilaumu."

Mumewe akalia, akapiga magoti. Machozi yalikuwa ya kweli. Mkasi aliyajua, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kesho narudi kazini," alisema.

"Basi nitaacha mimi." Akamshika mkono. "Kwa ajili yako, mpenzi. Nitaacha mimi."

Kisha akamtazama mdomo, akisubiri. Kiganja cha Mkasi kilikwishaanza kunyanyuka, kwa mazoea tu.

Akakirudisha chini.

"Acha."

"Niache... kazi?"

"Anza na hiyo."