Theluji ya Mwezi wa Sita

Kwaya tatu za Kiswahili, za miji ya Marekani ya Louisville, Columbus na Buffalo, zilikubaliana kwenda kusali mlimani. Watu wetu wakisema mlimani wanamaanisha mlima kweli. Mabasi yakawashusha mia na zaidi kwenye maegesho ya milima ya Adirondack, wamevaa vitenge vya sare na viatu vyeupe vya kanisani, masufuria ya wali mikononi. Wazungu waliokuja na fimbo zao za kupandia mlima walibaki midomo wazi.

Katika msongamano huo Chimène wa Buffalo, binti wa Kikongo, aligeuka, akagongana kifua kwa kifua na Venance wa Columbus. Mwaka mzima hawakuonana. Mwaka jana Venance alipaswa kufika na wazee wake nyumbani kwa kina Chimène, mtaa wa East Side, kujitambulisha. Hakutokea, wala hakueleza. Tangu hapo Chimène hakutaka kitu kingine kwake ila sababu. Na leo huyu hapa, mtanashati vilevile, koti jekundu limemkaa sawasawa. Hilo lilimuudhi zaidi.

"Chimène, mpenzi..."

"Nani mpenzi yako? Toka mbele yangu."

"Nilikupigia simu wiki nzima. Ulikuwa ukipokea na kukata."

"Ulinipigia kuniambia nini? Samahani, samahani, kama kasuku! Juu ya nini haukuya ile siku? Sema!"

Venance akajifanya anafunga kamba za viatu. Mama Kornelia, kiongozi wa kwaya ya Columbus, alikuwa akitangaza kwamba Venance, mtoto wa Moshi, ndiye atakayeongoza njia. Watu wakapiga makofi. Kilimanjaro kijana huyu aliutazama tu kutoka uani kwao akinywa chai, hajaupanda hata siku moja. Lakini ndivyo alivyo, linalomwaibisha halisemi. Akatangulia.

Walipanda kwa muda wa saa mbili. Kivulini mwa misonobari njia ilipotea chini ya theluji iliyogoma kuyeyuka hata mwezi huu wa sita, na wanakwaya wakasimama kupiga picha. Chimène hakusimama. Alitaka kumpita Venance asiuone tena mgongo wake, akakanyaga pembeni, mguu ukazama mpaka pajani.

"Usinishike!"

"Utaganda, Chimène."

"Nigande! Mama alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Baba alivaa koti yake ya ndoa, alisimama pa mulango mpaka jioni. Watu makumi mbili! Bon, sasa watu wanasema nilikuwa wa kuchezewa. Sitatoka humu mpaka useme."

Venance alipiga magoti kwenye theluji.

"Nilikuja. Saa nane nilikuwa nje ya nyumba yenu, ndani ya gari."

"Mwongo!"

"Baba yako alikuwa mlangoni, kweli, na wazee wanne kando yake. Mimi nilikuwa peke yangu. Baba mdogo Gaudiosi wa Louisville, aliyenilea, alisema hakanyagi nyumba ya wakimbizi wa Kikongo. Akawakataza na wazee wengine. Ningeingiaje bila mzee? Na ningekuambiaje neno kama lile?"

Chimène akachota theluji kwa viganja viwili, akamtupia usoni.

"Donc mzee anatukana watu yetu, na weye unamuficha! Unaniacha miye nikule haya na aibu!"

"Sikutaka uumie."

"Nimeumia mwaka muzima! Ungegonga tu, Venance. Ungegonga mulango."

"Niliogopa. Na bado nakupenda, mpaka nachoka."

Chimène alikuwa akilia kwa hasira, hakujificha.

"Uye dimanche, siku ya kanisa. Baba atakutukana."

"Anitukane."

"Mama hatapika."

"Nitashiba matusi. Lakini mzee wa kunisemea sina hata leo."

"Kwetu kijana hajisemeaki mwenyewe, ile najua." Alifuta kamasi kwa kitenge. "Miye njo nitakusemea. Nitaikala upande yako, nyumba nzima ione. Baba akiuliza nani amekuleta, nitasimama, niseme ni miye."

Venance alifunika uso kwa mikono, akaangua kilio.

"Usilie, mjinga weye! Nivute, mguu inakufa!"