Ndoa ya Chumba cha Jirani

Njooni karibu, majirani. Na ninyi mlioegemea vyuma vya baraza huko ghorofani shukeni, maana habari hii inawahusu kuliko mnavyodhani.

Kila asubuhi, katika jengo moja kuukuu la mtaa wa Cayo Hueso, hapa Havana, Nereida alikuwa akigonga ukuta kwa kijiko. Upande wa pili alijibiwa kwa mkongojo. Basi Nereida hutoka barazani na kikombe cha kahawa, akakipitisha juu ya vyuma vinavyozitenga baraza zao mbili, na mkono mwembamba wa Bi Eduvigis ukakipokea. Bi Eduvigis alikuwa mjane wa miaka themanini, hana mtoto, ana chumba kimoja kikubwa chenye dirisha linaloiona bahari.

"Leo umetia sukari, au umeitaja jina tu?" bibi huuliza.

"Kunywa, bibi, usinichunguze."

Ndivyo walivyoishi, mpaka Fermin, mumewe Nereida, alipokitolea macho chumba kile. Fermin alikuwa fundi wa friji, mcheshi, mtu wa watu. Lakini tangu watalii waanze kulala katika nyumba za watu mtaani, yeye usingizi ulimpotea. Alitaka chumba cha kupangisha. Na sheria inasema mtu mmoja, nyumba moja. Yake alikuwa nayo tayari.

"Mke wangu," alisema siku moja, wali na maharage meusi mdomoni, "tuachane."

Nereida aliangusha kijiko.

"Kwenye karatasi tu! Fleti hii inabaki kwa jina lako. Mimi namwoa bibi wa jirani. Siku akienda zake kwa Mungu, chumba changu. Tunaoana upya, tunatoboa ukuta, tuna hoteli!"

"Fermin, yule ni sawa na mama yako."

"Ndiyo maana huna sababu ya wivu."

Nereida alicheka. Likumbukeni hilo: alicheka. Nani kati yetu asiyejua mume na mke walioachana ili wapate chumba cha pili? Nani hajaenda kwenye arusi ya watu wasiojuana, mmoja akitafuta mahali pa kukaa mjini? Tumeizoea hila hii hata tunaiita akili.

Bi Eduvigis alikubali kwa kuwa alichoka kula peke yake na kupandisha ndoo ya maji ngazini. Fermin alimwahidi chakula kila siku, dawa, na mtu wa kumshika mkono.

"Nitakuwa mume bora kuliko marehemu, bibi."

"Marehemu alikuwa mlevi. Usijisifu mapema."

Siku ya arusi Nereida mwenyewe ndiye aliyelipiga pasi shati la bwana arusi. Jengo zima lilikula keki. Teófilo, kinyozi wa ghorofa ya chini, akapaza sauti: "Bwana arusi, usimchoshe bibi!" Watu wakashika mbavu. Bi Eduvigis, ndani ya gauni lake la buluu, alitabasamu kama mtu aliyesadiki.

Mwezi wa kwanza sahani zilikwenda na kurudi. Mwezi wa pili Fermin alileta mbao. Mnajua kuta zetu za zamani zilivyo ndefu. Akajenga barbacoa, lile dari la mbao tunalolikatisha katikati ya chumba ili kimoja kiwe viwili. Bibi akapandishwa juu, mahali ambapo huwezi kusimama wima, joto lake la kuokea mkate. Chini wakalala watalii. Kisha Fermin akaiziba baraza kwa plaiwudi, wageni waitazame bahari bila kumwona mzee.

Asubuhi Nereida aligonga ukuta. Mkongojo ukajibu kutoka juu. Lakini kikombe hakikuwa na pa kupita.

"Zitoe mbao hizo, Fermin."

"Wageni hawakulipia kuangalia vikongwe."

"Basi nitampelekea kwa mlangoni."

"Mara moja kwa siku yatosha. Yule anakula kama askari! Kwa mwendo huu atatuzika sisi."

Mtu amwambie mkewe neno kama hilo juu ya binadamu, na mkewe anyamaze! Nereida alinyamaza. Hasira aliimeza, kwa sababu naye alikuwa ameiota hoteli ile. Rangi ya mapazia alikwisha kuichagua.

Mchana mmoja wa jua kali alisikia kishindo nyuma ya ukuta. Hakikuwa cha mkongojo. Alikimbia, akamkuta Bi Eduvigis sakafuni chini ya ngazi ya mbao, mguu umepinda visivyo. Alikuwa akishuka kwenda chooni. Watalii wawili wamesimama na mataulo.

Fermin akaingia, akamtazama bibi, akawatazama wageni.

"Mwambie asipige kelele," alinong'ona. "Hawa wamelipia wiki nzima. Watakwenda kututangaza vibaya."

Nereida alikwenda kwenye sanduku la zana za mumewe, akatwaa nyundo, akatoka barazani, akaanza kuvunja plaiwudi. Vipande vilianguka barabarani, watu wakasimama kutazama juu.

"Nereida! Umerukwa na akili?"

"Ndiyo kwanza zimenirudia!"

Teófilo alipanda na kandambili za saluni miguuni, mkasi ukiwa bado mkononi. Wakambeba bibi juu ya mlango uliong'olewa, wakampeleka hospitali. Alipotoka, Nereida alimlaza kitandani mwake mwenyewe, karibu na baraza.

Jioni ile Fermin akaja, njaa inamuuma. Mlango umefungwa.

"Fungua, mke wangu."

"Nani?"

"Mumeo! Nani mwingine?"

"Mimi sina mume. Tuliachana mbele ya wakili, na wewe ndiye uliyenishikia karatasi isipeperuke nikisaini. Nenda kwa mkeo."

"Nereida, acha mchezo. Ilikuwa ya karatasi tu!"

"Na mguu wa bibi, nao umevunjika kwenye karatasi?"

Akaenda mlango wa pili. Wageni walikwisha kuondoka, na kufuli lilikuwa jipya. Teófilo alilibadilisha kwa amri ya mwenye chumba. Kinyozi alikuwa amekaa hapo hapo ngazini.

"Bwana arusi," alisema, "fungate imekwisha?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mahakama ikampa Bi Eduvigis talaka yake. Fermin, aliyetaka nyumba mbili, alibaki baina ya milango miwili bila hata mmoja. Sasa analala kwenye kochi la binamu yake huko Guanabacoa, na kila anayetengenezewa friji husimuliwa jinsi wanawake wawili walivyomdhulumu. Amedhulumiwa! Yeye!

Lakini msishangilie. Bi Eduvigis hatembei tena. Asubuhi moja Nereida alimnywesha kahawa, akashindwa kuyazuia machozi.

"Nisamehe, bibi."

Bibi alikunywa polepole mpaka mwisho.

"Shati lile ulilipiga pasi wewe," alisema. "Kola ilinyooka vizuri. Nilipoiona nikasema moyoni, kumbe watu hawa watanitunza."

Akamrudishia kikombe.

"Kesho ongeza sukari."

FUNZO

Mwenye kumwoa mtu ili amrithi chumba ameanza kumwua tangu siku ya arusi. Kilichobaki ni kungoja tu, na kungoja humfundisha ukatili. Fermin hakuzaliwa mkatili. Alikiangalia chumba mpaka akaacha kumwona aliyemo.

Mwanamke, usisaini leo jambo ambalo kesho utalilia, na hasira ya haki usiimeze. Nereida angeitoa siku ya plaiwudi, bibi angekuwa anatembea.

Na sisi majirani tusijifanye wasafi. Keki tuliila. Mbao tuliziona zikipandishwa, tukauliza zimenunuliwa wapi, hatukuuliza ni za nini. Kama jirani yako ana mzee aliyepandishwa darini, usingoje kishindo. Panda leo, ukamwone.