Mwanafunzi wa Pili

Godoro lilikuwa limelowa tena. Dama alilitoa uani majirani wakiwa bado ndani, akaliegemeza kwenye ua wa makuti upande wa nyuma, kisha akashika fagio kama mtu asiye na habari. Alikuwa mkaza mwana mgeni katika nyumba ile ya Msambweni, ameletwa kutoka Kinango mwaka ule ule, na mumewe alikuwa mtu wa kuonewa fahari. Iddi alikuwa mmoja wa vijana wachache waliochaguliwa, baada ya Uhuru, kusomea uafisa katika jeshi la wanamaji. Mtu kama huyo hakojoi kitandani. Na akikojoa, mkewe hasemi.

Lakini mavyaa yake, Bi Mwanapili, mamake Iddi, aliliona. Jua lilipokuwa limepanda alipita pale kutafuta kuni, akasimama. Godoro lilikuwa limekauka, na juu ya kitambaa palikuwa na unga mweupe umetanda kama ukoga. Aliugusa kwa kidole, akaonja. Ilikuwa chumvi.

Hakumwambia Dama neno. Aliupangusa unga ule kwa ncha ya kanga mpaka ukaisha, akaingia ndani, akaketi mkekani.

Kabla ya Iddi alikuwa na mwana mwingine. Kibwana alichukuliwa wakati wa vita vya Hitla akiwa kijana wa kuanza kuota ndevu, akatiwa katika manowari ya Waingereza. Siku zile Mwafrika katika jeshi la maji alikuwa wa kuvuta kamba, kufuta mashine na kubeba sinia; uafisa ulikuwa wa Wazungu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kibwana alipewa sinia. Aliporudi likizo alimsimulia mamake jinsi alivyokuwa akijichelewesha mlangoni na chai mkononi, apate kusikia vijana wa Kizungu wakifundishwa kuisoma ramani ya bahari na kulipima jua ili kujua meli imefika wapi. Kijana huyo alikuwa na kitembe, kila s ikimtoka th, na mamake alipenda kumsikia akisema. Alimwambia kwamba iko siku naye ataketi kitako mle ndani. Kisha akarudi kazini, meli yake ikapigwa, ikazama, na mamake hakuletewa hata kofia. Iddi wakati ule alikuwa bado ananyonya.

Ndiyo maana Iddi alipochaguliwa, Mwanapili alilia kilio ambacho watu walidhani ni cha furaha tu.

Sasa Iddi alikuwa nyumbani likizo, akijiandaa kwa mtihani wa mwisho. Alikuja na vitabu vya historia ya vita vya baharini, tangu manowari za Wareno zilizoipiga Mombasa kwa mizinga mpaka vita vya juzi, na kila baada ya sala ya adhuhuri alijifungia chumbani, akasoma kwa sauti ili yamkae kichwani. Nyumba nzima ilizoea mvumo wa sauti yake.

Adhuhuri moja Dama alikuwa amekwenda kisimani. Jua lilikuwa la utosi, kuku wamejikunyata kivulini, na Mwanapili alikuwa akichagua mchele kibarazani aliposikia masomo yamekatika ghafla. Kisha mtu akauliza, taratibu, kama mwanafunzi anayeona haya kumkatiza mwalimu: "Hapo thijafahamu. Nithomee tena."

Mchele ulimwagika. Harufu ya mafuta ya mashine ilikuwa imejaa ukumbini, nzito, ya kukaba koo, na chini yake harufu ya maji ya chumvi yaliyolala mahali pasipo hewa. Mwanapili alitaka kukimbilia nje, lakini miguu ilimpeleka kule kule ilikotoka ile sauti, akausukuma mlango, akamwona Iddi ameketi peke yake juu ya kigoda, kitabu kimefunguka magotini, nguo zimemganda mwilini kwa maji, macho yamemtoka yakitazama pasipo kuona, na midomo yake ikienda kwa sauti ambayo mamake hakuwa ameisikia tangu Iddi alipokuwa akinyonya.

"Mama," ilisema ile sauti. "Thatha nami nathomeshwa."

Angesoma Aya ya Kursiyu. Angeita majirani. Alijua kabisa lililompasa. Badala yake alipiga magoti sakafuni kwenye maji yale, akasema, "Naam, mwanangu."

Kuanzia hapo akawa anangoja adhuhuri kama msichana anayengoja posa. Alimtuma Dama kisimani hata mitungi ilipokuwa imejaa, mwenyewe akaingia chumbani na kufunga mlango. Huyo aliyekuwa mle alimweleza mengi. Kitabu cha Iddi kiliitaja ile meli kwa mistari miwili, kwamba ilizama na maafisa wakaokolewa. Yeye alisema waliokuwa chini walifungiwa mlango wa chuma kwa juu ili maji yasipande, wakaugonga mpaka mikono ikachoka. Mwanapili alimshika mkono, ambao ulikuwa mkono wa Iddi lakini baridi kama jiwe la kisima, akalia naye.

Na Iddi akawa anakonda. Hakukumbuka lolote la adhuhuri zile. Alisema usingizi tu unamchukua. Mashavu yalibonyea, ngozi ya vidole ikakunjamana kama ya dobi. Akaanza kukohoa, na alichokitema kilikuwa maji. Siku aliyoshindwa kusimama kwa sala, Dama hakumwomba mtu ruhusa. Alifunga kanga, akapanda mpaka Kikoneni, akarudi alasiri na Mwalimu Mwero, mzee mmoja mpole aliyesomesha chuo cha Kurani, akalima mananasi, na aliyejulikana pwani ile yote kwa kusomea watu wenye majini.

Mwalimu Mwero aliketi karibu na kitanda, akatia ubani chetezoni. Moshi ulipanda kidogo, kisha ile harufu ya mafuta ikaushinda. Akasoma kwa muda mrefu. Alipomaliza hakumwuliza mgonjwa kitu. Aliwageukia wanawake wawili, akauliza kwa upole ni nani kati yao amekuwa akimwitikia.

Dama hakufahamu. Mwanapili aliinamisha uso.

"Ni mwanangu, mwalimu," alisema. "Ni Kibwana. Ameteseka sana."

"Wafu hawarudi, dada yangu. Kila mtu huzaliwa na karini wake, jini anayekaa naye maisha yake yote. Mtu akifa, karini hubaki. Anaijua sauti yake, anayajua mambo yake, hata kilio chake anakijua."

"Kama anayajua yote, basi ana tofauti gani na mwanangu?"

Mwalimu Mwero aligeuka kumtazama Iddi kitandani. "Mwanao asingemzamisha nduguye," alisema.

Kisha akamweleza Mwanapili kwamba kwa kisomo peke yake yule jini hatatoka. Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Itambidi amkane kwa kinywa chake mara tatu, na baada ya hapo asimwitikie tena milele, popote atakapoitwa na kwa vyovyote atakavyoitwa. Akakoroga kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, akamwinua Iddi kichwa, akamnywesha.

Iddi alifumbua macho, na aliyetazama kwa macho yale hakuwa Iddi. Maji yalianza kuchuruzika kutoka nyweleni mwake, yakashuka shingoni, yakapenya godoro, yakadondoka chini ya kitanda kwa mlio wa upesi upesi, na ukutani, upande usio na chumba wala mtu, kukasikika kugonga, mikono mingi ikigonga juu ya kitu cha chuma katika nyumba isiyokuwa na chuma, kwa nguvu kwanza, kisha kwa pupa, kisha kama watu wanaochoka, na Dama akajibanza pembeni na kuuma kanga yake asipige kelele.

"Wewe si mwanangu," alisema Mwanapili.

Sauti haikukasirika. Ilimkumbusha surua ya utotoni, jinsi yeye mama alivyombeba mgongoni kutoka Mwabungo mpaka hospitali jua likiwaka, akimwimbia njia nzima. Hakuna mwingine aliyekuwepo njiani siku ile.

Mwanapili alishika ukingo wa kitanda. "Wewe si mwanangu."

Iddi alipaliwa. Povu lilimtoka puani, mgongo ukainuka kitandani, miguu ikipiga kama ya mtu anayetafuta sakafu asiipate. Mwalimu Mwero aliinua sauti yake ya kisomo. Na ile sauti nyingine ikawa ndogo kabisa.

"Nimebakisha thomo moja tu, mama. Moja tu."

Alimtazama yule aliyelala pale, akaona nyuso mbili za watoto wake katika uso mmoja, na hakujua, wala hakuwahi kujua baadaye, ni yupi aliyekuwa akimfungia mlango.

"Wewe si mwanangu," alisema.

Maji yalimtoka Iddi kinywani kwa mkupuo, meusi, yenye mafuta, yakatapakaa chumba kizima. Kisha akavuta pumzi kubwa, akaanza kulia, akimwita mkewe kwa sauti yake mwenyewe.

Iddi alipona. Alifanya mtihani akafaulu, akavishwa sare nyeupe ya afisa mbele ya watu Mombasa, na mamake hakwenda. Alisema mguu unamsumbua. Iddi alipomwomba amsimulie habari za ndugu yake, ili ajue alivyokuwa, alimjibu kwamba amesahau.

Mwaka uliofuata, katika mwezi wa mfunguo wa tatu, walisoma hitima ya ukoo pale nyumbani. Iddi alikuwa baharini kikazi. Msomaji, mgeni aliyealikwa kutoka mbali, aliuliza kutoka ukumbini ni marehemu gani wa kuombewa. Mwanapili, aliyekuwa na wanawake wenzake chumba cha ndani, aliwataja wazazi wake, akamtaja mumewe, akaishia hapo.

"Kuna mwingine, mama?"

Dama alimtazama mavyaa yake, akayateremsha macho.

"Hakuna mwingine," alisema Mwanapili.

Fatiha ikasomwa. Ilipofika Amina, mtu alianza kulia nje, chini ya dirisha, kwa kwikwi za kijana anayejizuia asisikike. Wote walisikia. Wanaume ukumbini walitazamana, na wanawake wakageuka mmoja baada ya mwingine kuelekea dirishani.

Mwanapili peke yake hakugeuka.