Kirudishanuru

Sisimizi-chuma walimwagwa juu ya ukurasa kama vumbi la fedha, kila mmoja mdogo kuliko chembe ya unga. Walinusa mabaki ya dhahabu kwenye ngozi ya mbuzi, wakayakusanya, wakayajenga upya palepale fundi wa kale alipoyapaka. Uso wa Maria, uliokuwa umefutika kabisa katika Injili ya Kihabeshi, ukachomoza na macho yake makubwa. Ukumbi wa Jumba la Vitabu Vitakatifu, jijini Dodoma, ukalipuka kwa makofi.

Mhandisi Tumsifu Lyatuu, aliyeuunda mtambo huo na kuuita Kirudishanuru, alitabasamu. Kabla ya Injili kilitangulia kitabu cha Torati, chenye simba waliochorwa kwa herufi za Kiebrania ndogo kama mbegu za mchicha. Nao walikuwa wamerudi, weusi ti.

Ikafika zamu ya Msahafu wa Siyu. Mwenyewe, Bi Mwanaesha Famau, wakili mstaafu, alikuwa ameuazimisha kwa shingo upande. Alisimama hatua moja tu kutoka kwenye kioo cha mtambo. Sisimizi walipofika pambizoni, penye maua mekundu, aligutuka.

"Wanakula nini hao?"

"Uchafu, Bi," Tumsifu alimjibu. "Mafuta ya vidole, jasho, chumvi."

"Uchafu? Hapo ni Yasini! Hapo mama yangu aliweka kidole akimsomea baba akikata roho. Bibi yangu naye kabla yake. Hiyo chumvi ni machozi, ewe kijana!"

Tumsifu alirudisha macho kwenye Injili. Alijua fika nani aliyeufuta uso wa Maria: mtambo ulikuwa umemwonyesha alama za midomo ya waumini, vizazi kwa vizazi, wakibusu palepale. Yeye ndiye aliyeuamuru mtambo uzihesabu kuwa taka.

"Mtoeni nje huyu mama," mkurugenzi wa Jumba, Dakta Hiza, aliwaamuru walinzi. "Mkataba ametia saini."

"Nilitia saini mrejeshe, si mfute!"

"Kelele za nini?" Hiza alisema. "Kitabu kitatoka kizuri kuliko alivyokirithi."

"Sisimizi wakisimamishwa sasa watagandia ukurasani," Tumsifu alisema kwa sauti ndogo. "Hawatabanduka tena."

"Simamisha!" Bi Mwanaesha alifoka.

"Thubutu," Hiza akasema. "Ukikigusa hicho kitufe huna kazi hapa, wala popote penye mtu anayenisikiliza."

Tumsifu alikibonyeza.

Sisimizi wakafa walipokuwa. Nusu ya ukurasa iling'aa kama iliyoandikwa jana. Nusu ilibaki na kahawia ya mikono. Katikati ulipita mstari wa kijivu, kama kovu la kisu. Walinzi wakawasukuma wote wawili hadi barazani, Msahafu, aliouchukua chini ya kioo, ukiwa kifuani mwa Bi Mwanaesha.

"Nisamehe, Bi. Hata ule uso wa Maria ulifutwa na midomo ya waumini walioubusu, nami nikaihesabu taka."

"Sikusamehe. Umemfuta mama yangu nusu, na nusu nyingine imepona kwa sababu nilipiga kelele. Je, hao waliobusu ile Injili, nani alipiga kelele kwa ajili yao?"

Akashuka ngazi bila kugeuka.

Tumsifu alichungulia kupitia mlango wa kioo uliokwisha kufungwa. Ndani watu walisongamana kupiga picha uso wa Maria. Ulikuwa laini, mzuri, kama uso ambao haujawahi kupendwa na mtu.