Kibuyu cha Mama Sila

Jua lilikuwa linazama Editha alipoingia Nzuguni juu ya pikipiki ya Noeli, bodaboda ambaye pia ni dalali wa vyumba, godoro limebanwa katikati yao kwa kamba. Kule Farkwa mama yake alikuwa ameuza asali ya mwaka mzima ili ipatikane kodi ya miezi sita. Ndani ya miezi hiyo Editha alipaswa kupata kazi. Akikosa, atarudi kijijini na cheti chake cha utunzaji kumbukumbu akafunikie mtungi, na hilo alishaapa halitokei.

Noeli alishusha godoro, akachukua udalali wake, akatokomea na vumbi lake.

Mwenye nyumba, Mama Sila, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka Makutupora kwenye shamba lake la zabibu. Mama mpole, sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mpangaji wangu halali na kiu." Akatoa vibuyu viwili vya togwa.

Kimoja alipewa Amiri, kijana wa hapahapa mjini aliyehamia chumba cha pili siku hiyohiyo. Amiri alishukuru, akasema ametoka kula, akakiweka chini. Editha hakulelewa hivyo. Kwao kibuyu cha mwenye nyumba unakipokea kwa mikono miwili, unakimaliza, kisha unakigeuza chini mwenyewe aone hakuna tone lililobaki. Akanywa. Akakigeuza.

Mama Sila akatabasamu.

Mdomoni ilibaki ladha ya udongo...

Asubuhi aliamka hoi, mgongo unauma. Akasema ni godoro. Siku ya pili kucha zake zilikuwa za zambarau, na chumba kizima kinanuka zabibu zilizoanza kuchacha. Siku ya tatu aliota lengelenge kwenye kidole gumba. Miguu ilikuwa na udongo mwekundu hadi vifundoni, na mlango umefungwa kwa ndani kama alivyouacha.

Kwenye usaili wa kwanza alisinzia juu ya kompyuta.

"Dada, hapa si gesti," aliambiwa, wenzake wakacheka.

Wa pili ulimpita akiwa ameketi kwenye benchi nje. Waliita jina lake mara tatu. Alikuwa anakoroma. Ukabaki mmoja tu, wa ukarani wa masjala, Ijumaa asubuhi.

Alhamisi mchana, akiba imekwisha, alikwenda Makutupora kuomba kibarua cha kuchuma zabibu. Msimamizi wa wachumaji, mwanamke aitwaye Antonia, hakumwuliza jina. Alimtazama kucha.

"Wewe... unachuma kwa nani?" alinong'ona.

"Sijawahi kuchuma zabibu tangu nizaliwe."

Antonia alimshika mkono, akamvuta hadi shamba la jirani. Hapakuwa na mtu. Makreti yamepangwa, yamejaa.

"Hili halina vibarua. Kila asubuhi tunayakuta hivi. Tunaona nyayo tu."

"Shamba la nani?"

"La mama mmoja wa Nzuguni. Mama Sila."

Editha aliinama. Nyayo zilikuwa za mtu peku, zimekwenda na kurudi kati ya mizabibu, mstari baada ya mstari. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

Yeye kidole chake cha mwisho kilikatwa na jembe akiwa na miaka tisa.

Akavua kiatu.

Mguu ukaingia.

Hofu ilikuja kwanza, sikatai, lakini haikukaa. Iliyokaa ni hasira. Alikuwa amebisha hodi ofisi kumi na moja akiomba kazi kwa unyenyekevu wote, kumbe anayo! Ameajiriwa kila usiku, bila mshahara, bila hata kuulizwa kama anataka!

Njiani kurudi alikielewa kile kibuyu. Kwao Farkwa ipo pombe ya kazi. Ukimaliza kibuyu cha mtu, umekubali kulima shamba lake mpaka kazi iishe, na usipoweza unatafuta mwingine wa kunywa kwa niaba yako. Lakini kwao hufanywa mchana, kwa nyimbo, na kila anayekunywa anajua anakunywa nini.

Alimkuta Mama Sila uani anachagua mchele. Giza lilikuwa linaanza kuingia.

"Umenifanya punda, mama!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mimi ni mtoto wa mtu!"

"Sikukushika mdomo, Editha. Ulikunywa mwenyewe, ukakigeuza mwenyewe." Hakuinua hata macho. "Mavuno yakiisha utalala."

"Kesho nina usaili!"

"Basi tafuta wa kunywa kwa niaba yako."

Akasukuma kitu kwa mguu, taratibu, kikasimama mbele ya Editha.

Kibuyu. Kimejaa.

Hapo ndipo pikipiki iliponguruma nje. Noeli aliingia helmeti mkononi, jasho linamtiririka, kuangalia chumba cha tatu kwa ajili ya mteja wake. Editha alimtazama. Huyu ndiye aliyemleta. Alikuwa amepiga soga njia nzima, na bila shaka alijua.

"Karibu togwa, kaka," alisema, akamnyooshea kile kibuyu.

Noeli alikunywa amesimama, hadi mwisho. "Aisee, ahsante. Tangu nianze udalali, wewe ndiye wa kwanza kunikaribisha kitu."

"Kigeuze," Editha alisema. "Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Akakigeuza, huku anacheka.

Usiku huo Editha alilala usingizi wa mtoto. Kucha zilikuwa safi asubuhi, akili nyepesi. Alipanga majalada, akajibu kila swali, na kabla ya saa nane simu ikalia. Aanze Jumatatu. Alimpigia mama yake, wakalia wote wawili kwa furaha.

Alipofika kijiweni pa bodaboda Nzuguni, alimwona Noeli amelalia tangi la pikipiki yake, mikono inaning'inia. Kucha zake zilikuwa za zambarau. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anamtikisa, "Twende basi, kaka." Noeli alizinduka, akampakia, akaingia barabara kuu ya malori huku kichwa kinaanguka na kuinuka. Editha alifungua mdomo ampigie kelele. Angesema nini? Pikipiki ilikwisha kukata kona.

Mama Sila alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Noeli hakujua kitu, maskini," alisema kwa sauti yake ya chini. "Kwangu hajawahi hata kuomba maji."

Hasira ilimrudia Editha, kali kuliko ya jana, lakini safari hii alikuwa amesimama nayo peke yake.

"Chumba cha tatu kinapata mpangaji kesho," Mama Sila aliendelea. "Binti kutoka kijiji cha Busi, Emiliana. Anatafuta kazi, kama wewe. Nimeongea naye kwenye simu, amelelewa vizuri." Akanyoosha mikono, ameshika kibuyu. "Nitakuwa shamba. Utampokea wewe."

Editha aliapa moyoni kwamba atakipiga chini, kipasuke vipande vipande. Alikitazama. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni, na alikwisha kukipokea, kwa mikono miwili.